Ubeti wa Nane

London, 14 Machi 1971

Baba mpenzi,

Hujambo huko? Mguu je? Na wale nguruwe wawili, bado wanavunja ua wa Jack Pye au wameshapata adabu? Mimi ni mzima, ila nina kikohozi hiki cha London ambacho kila mtu anacho. Namshukuru Mungu mgomo wa posta umekwisha, maana nina neno la kukuambia tangu Januari na limenikaa kooni.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi, na ndani yake mna santuri. Ni sisi, bendi yetu, sisi wanne. Upande wa pili si kitu, usijisumbue nao. Upande wa kwanza ni "Kengele ya Thornsea". Ndiyo, Baba. Wimbo wako.

Kabla hujavuta pumzi ya kunikaripia, nisikilize. Sheria ya baa ya Kondoo Watatu naijua: kila mtu na wimbo wake, na wa mwenzio huuimbi mpaka azikwe au akuachie mwenyewe. Lakini hiyo ni sheria ya wanaume waliokaa kwenye baa ile Jumamosi mchana. Mimi niko London, tena ni mwanamke, kwa hiyo nilijihesabu kuwa simo. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungesema hapana, na wewe ukishasema hapana hata trekta halikusogezi.

Hadithi yenyewe ni ileile. Baba mpiga kengele, ukungu, mwana anayevuka kinamasi akiifuata sauti ya kengele, na baba anapitiwa na usingizi. Ila tumeutia gitaa la umeme, na Graham anapiga ngoma kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Ubeti mmoja tu tumeukata, wa nane, kwa kuwa santuri ndogo haina nafasi, na Graham anasema hapo hadithi inasimama bure.

Usikilize mara mbili kabla hujanihukumu. Halafu uniandikie, na usiniandikie habari za hali ya hewa.

Mwanao akupendaye,
Hazel


Thornsea, 4 Aprili 1971

Hazel mwanangu,

Salamu. Huku tu wazima. Mguu ni uleule. Upepo wa mashariki wiki nzima. Nguruwe walitoka tena Jumanne, wakala kabichi za Jack mpaka mzizi, naye anasema akiwakamata atawala wao.

Kifurushi kilifika. Mimi sina gramafoni, kwa hiyo nilimpelekea Sid, naye akaiweka santuri kwenye ile ya baa Jumamosi mchana, kabla hajaanza kuwaita watu waimbe. Jack alisema ngoma ni nyingi. Dolly alitoka jikoni akasema una sauti ya mama yako. Mimi nilimaliza bia yangu.

Kwa kikohozi chemsha kitunguu kwenye maziwa, unywe kikiwa moto.

Ni mimi,
Baba


London, 20 Aprili 1971

Baba mpenzi,

Shikamoo kwako, na salamu kwa nguruwe, maana naona katika barua yako walikuwa na nafasi kubwa kuliko mimi. Kikohozi kimepungua. Kitunguu sikunywa.

Baba, wimbo wako unapigwa redioni! Juzi nilikuwa kwa muuza samaki, nikausikia unatoka dukani kwake, na yule mzee anaupigia mguu huku anafunga samaki. Nilitaka kumwambia, "Huo ni wa baba yangu." Nikaona haya, nikachukua samaki wangu nikaondoka.

Lakini wewe hujasema kitu. Jack kasema, Shangazi Dolly kasema, wewe umemaliza bia. Ni mbaya? Sema ni mbaya, sitakufa. Umechukia? Chukia basi, lakini kwa maandishi. Nangoja.

Mwanao,
Hazel


Thornsea, 30 Mei 1971

Hazel mwanangu,

Salamu, natumaini u mzima. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa sijui niseme nini, na sasa pia sijui sana, lakini Dolly ameniambia si haki kukuacha hivyo.

Jumamosi ile, santuri ilipokwisha, Sid aligonga meza kwa kiko chake akaanza kuita kama kawaida, kutoka mlangoni kuzunguka chumba. Alimwita Jack, naye akaimba wake wa farasi. Alimwita Wilf Sayer. Kisha ikawa zamu yangu, na Sid akanipita akamwita anayefuata. Nilidhani kasahau, maana anazeeka. Jumamosi ya pili akanipita tena. Ya tatu nilimfuata nyuma kwenye mapipa nikamuuliza kuna nini.

Akasema, "Ephraim, si umeuachia?"

Unajua ilivyo kwetu. Mwenye wimbo akisikia mwingine anauimba, husema "Huo ni wangu," na anayeimba hukaa chini hapohapo. Asiposema, ameuachia. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu yangu. Sasa santuri ilikuwa inaimba, watu wote wananitazama, na mimi sikusema. Santuri nitaiambiaje ikae? Tena ulikuwa wewe. Nikanyamaza, na wote waliona nimenyamaza.

Sid hakufanya ubaya, alidhani ananiheshimu. Sina wimbo mwingine, na kwa umri huu sitafuti. Kwa hiyo Jumamosi nakaa palepale pangu, sisemeshwi na siitwi, kama mtu aliyekwisha zikwa ila bado anaagiza bia.

Usidhani nina hasira. Nimeitafuta hasira sikuiona. Niko ganzi tu, kama mkono uliolaliwa.

Maharage yameota.

Baba


London, 6 Juni 1971

Baba,

Habari za huko. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama ngazini na koti sijalivua, na tangu hapo sijakaa vizuri.

Samahani. Naliandika mwanzo nisije nikalisahau katikati ya makelele yangu. Samahani, Baba. Sikudhani kwamba kitu nilichokifanya huku kingekunyang'anya kiti chako huko.

Lakini na ninyi! Watu wazima saba ndani ya chumba, mnamfanya mtu maiti kwa sababu ya kipande cha plastiki! Si usimame tu uimbe? Nani atakutoa? Jack? Jack hawawezi hata nguruwe.

Na kuna jambo jingine, nalo limenikaa miaka. Mimi niliusikia wimbo huo nikiwa na miaka sita, nimekaa kwenye ngazi ya nje ya baa na soda yangu, maana watoto hawaingii. Kila Jumamosi. Nilikuwa nakusikia kupitia dirishani. Nilipofika kumi nilikuwa naujua wote, beti kumi na moja. Nikakuuliza utamwachia nani, ukasema kaka Clive. Clive, Baba! Clive yuko Australia anatengeneza majokofu, na akiimba mbwa wanahama mtaa. Mimi hukunitaja hata kwa utani, kwa kuwa mwanamke haitwi pale. Basi ndiyo, niliuchukua. Nadhani nilitaka uone kwamba ulikuwa kwangu siku zote.

Rudi ukaimbe. Tafadhali.

Hazel wako


Thornsea, 18 Julai 1971

Hazel mwanangu,

Salamu nyingi. Samahani yako nimeipokea, usiirudie tena.

Hujui unaloniambia. Kuimba bila kuitwa ni kama kuingia nyumba ya mtu ukajipakulia. Siwezi.

Kuhusu Clive umesema kweli.

Sasa nitakuambia habari ya ubeti ule mlioukata, kisha nitanyamaza. Nimeianza barua hii Jumapili tatu zilizopita, leo naimaliza.

Mama yako alipofariki tulikuambia nilikuwa kando yake nimemshika mkono. Haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyemwomba Dolly tuseme vile. Ilikuwa Jumamosi mchana, unakumbuka, ya Novemba. Dolly alikuja kukaa naye. Mama yako akaniambia, "Nenda ukaimbe, Ephraim, unanichosha kwa kuzungukazunguka kama kuku." Nikaenda. Nilidhani ana wiki mbili zaidi. Daktari naye alidhani hivyo.

Sid akaniita nikaanza. Wajua kwamba mtu akiimba pale hakuna anayeingia wala kusema. Aliye mlangoni hungoja mlangoni. Nilikuwa ubeti wa nane, pale baba anapozinduka:

Mke wangu niambie, mlango mbona u wazi?
Nani huyo nimwonaye, kimya, hatoi pumzi?

Mlango ukafunguka na Dolly akasimama pale, mikono ndani ya aproni. Alikuwa anangoja nimalize, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Nami nikajua. Beti tatu zilikuwa bado, Hazel, na nikaziimba zote. Sikukosea hata neno. Nilipokaa ndipo akaja karibu akasema, "Ephraim, njoo nyumbani."

Nikaenda. Jioni nikawalisha nguruwe. Watu walisema nimejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza, sikuwa na cha kukaza.

Tangu hapo ni hivyohivyo. Naamka, nalisha, nalima, nalala. Ila kila Jumamosi nikifika ubeti wa nane namwona Dolly mlangoni, hata akiwa jikoni, na inaniuma. Inauma kiasi cha dakika moja. Kwa wiki nzima ni dakika hiyo tu ndiyo ninayojua kwamba nilikuwa na mke na kwamba sipo naye. Sasa hiyo dakika sinayo.

Hukujua. Ungejuaje, wakati niliyekudanganya ni mimi.

Baba


Thornsea, 12 Septemba 1971

Hazel,

Salamu. Hujajibu. Si neno.

Viazi vimetoka vizuri mwaka huu. Nguruwe mmoja tumemuuza. Aliyebaki hali kitu, anakaa tu kwenye kona yake, na hata ua haugusi.

Nakwenda bado Jumamosi. Dolly ananiletea mkate na jibini bila kuuliza.

Kama umekasirika una haki.

Baba


London, 17 Oktoba 1971

Baba,

Hujambo? Na nguruwe aliyebaki, ameanza kula?

Nilikasirika. Nilikuandikia barua nne nikazichana. Baba, miaka mitano nilikuwa najifariji kwa mkono wako. Nikikosa usingizi nilijiambia, angalau Baba alimshika mkono. Halafu unaniambia ulikuwa Kondoo Watatu ukiimba. Nilisema sitakuandikia tena, na miezi miwili nilitimiza. Hata sikulia. Nilikwenda mazoezini, nikaimba nilichotakiwa kuimba, nikarudi. Graham aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana, nami nilikuwa sisemi uongo. Ile ganzi yako nimeijua sasa.

Kisha mwezi uliopita tulikwenda Leeds. Ukumbi ulikuwa umejaa. Tulifika pale ubeti wa nane ulipokuwa zamani, na badala ya kuruka nikauimba. Sikuwa nimemwambia mtu. Graham hakujua la kufanya akaacha kupiga, na wengine nao wakaacha, kwa hiyo nilibaki na sauti yangu peke yake, kama wewe. Niliposema "nani huyo nimwonaye" nilimwona Shangazi Dolly na aproni yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hukuacha. Maadamu unaimba, hujaambiwa bado. Ukikaa tu, Mama amekufa. Mimi pia ningeimba mpaka mwisho, Baba. Kama kungekuwa na beti ishirini ningeziimba ishirini.

Nililia garini kutoka Leeds mpaka London. Wenzangu walijifanya wamelala. Sasa tunauimba na ubeti wa nane, kila mahali, na anayetaka kulalamika amlalamikie Graham.

Nimewaza sana juu ya kiti chako. Kuja siwezi, tunaondoka kesho kutwa kwenda Ujerumani na hatutarudi mpaka Krismasi. Lakini nilikaa kwenye ngazi ile miaka minane na sheria zenu nilizisikia zote. Mwaka ule Jack alipougua koo, alimwita Wilf amwimbie wimbo wake wa farasi, na Sid akakubali, kwa kuwa mwenye wimbo asipoweza kuimba humwita amtakaye. Basi kama mmeamua wimbo ni wangu, haki hiyo ninayo. Humu ndani kuna karatasi ya Sid. Mpe. Usipotaka usimpe, ila usiichome moto.

Wako,
Hazel

(Kwa Bwana Sidney Howes, Kondoo Watatu, Thornsea. Mimi Hazel Larter, mwenye "Kengele ya Thornsea", niko safarini na siwezi kuja. Namwita Ephraim Larter aniimbie. Beti zote kumi na moja.)


Thornsea, 28 Novemba 1971

Hazel mwanangu,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakufikia huko Ujerumani, nimeandika anwani kama ulivyomwandikia Dolly, herufi moja moja. Mimi ni mzima. Nguruwe anakula.

Karatasi yako nilikaa nayo Jumamosi tano mfukoni mwa koti. Kila mara nilikuwa naishika, nafika mlangoni, narudisha mkono. Niliogopa nitaitwa, nisimame, nifike ubeti wa nane na nisisikie kitu. Hilo ndilo nililoliogopa, si watu.

Jana nilimpa. Sid alivaa miwani akaisoma mara mbili. Akaenda akamwonyesha Jack. Jack akasema, "Ni kweli, mimi nilimwita Wilf mwaka ule." Wilf akasema ni kweli. Sid akagonga meza kwa kiko akasema, "Hazel Larter anamwita Ephraim Larter." Aliposema jina lako mle ndani mzee mmoja alikohoa.

Nikasimama. Sauti imekuwa na kutu lakini maneno yalikuwepo. Ubeti wa kwanza mpaka wa saba niliimba kama mtu anayesoma tangazo la posta. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, hakuna kitu. Nikaingia wa nane, nikatazama mlangoni kwa mazoea tu.

Dolly alikuwa pale. Si wa kuwazwa, Hazel, Dolly mwenyewe. Alinisikia akiwa jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba kwenye mvua, akaja kusimama palepale pa siku ile, mikono ndani ya aproni. Hakuna aliyemtuma. Alisimama mpaka nimemaliza zile beti tatu. Nilizimaliza, lakini safari hii nilikosea maneno mengi.

Nilipokaa akaja karibu. Nikangoja aniambie. Akasema, "Kaa, Ephraim. Kaa umalize bia yako."

Nililia mbele ya watu wote. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia kwa kelele namna ile. Jack alisogeza glasi yangu tu isimwagike.

Baadaye nilisimama tena nikawaambia kwamba siku nikiondoka wasiite jina la Clive, waite lako. Sid akasema mwanamke hajawahi kuitwa pale. Nikamwambia leo mwanamke ameita, na wewe umeitikia. Akawasha kiko chake akafikiri kidogo, akauliza kama utakuja na zile ngoma. Nimesema utakuja peke yako.

Njoo Krismasi. Jack ametengeneza ua. Na mkono wa mama yako, Hazel, niliushika baadaye nilipofika nyumbani, nikaushika mpaka giza likaingia. Ulikuwa bado na joto. Hilo nalo sikuwahi kukuambia, nawe lichukue badala ya lile la uongo.

Baba